Dakika Mbili za Anfal

"Inafika hapo hapo, fundi. Kila ikifika hapo, inakata."

Bi Fakhriya aliiweka redio kaseti juu ya meza ya Mbaruku kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei. Alikuwa ameshuka nayo kutoka ghorofa ya tatu na kuvuka mitaa miwili ya Mchafukoge bila kukubali mtu yeyote ampokee. Mbaruku alimsogezea kigoda.

"Inakata vipi? Inazima ghafla, au inaburura kwanza?"

"Inaburura. Sauti ya mwanangu inakuwa nzito kama ya mwanamume, kisha kimya. Nikaipeleka kaseti kwa jirani, redio yake nayo ikakata hapo hapo. Nikasema labda na yake mbovu."

"Redio mbili zipatwe na ugonjwa mmoja siku moja? Hicho kitakuwa kipindupindu, Bi Fakhriya."

Hakucheka. Mbaruku naye akauacha mzaha, maana aliona jinsi yule mama alivyoyakaza macho kwenye kidirisha cha kaseti, kana kwamba aliyemo ndani anaweza kutoroka.

Mwaka huo Mbaruku alikuwa anatimiza miaka ishirini na mmoja ya kazi kwenye meza yake barazani pa duka la Harilal. Alianza enzi zile betri zinapatikana kwa foleni na fundi redio ni mtu wa kubembelezwa. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Kila aliyeweza kwenda Dubai alikwenda, na kila aliyerudi alirudi na maboksi. Jaimin, mwana wa Harilal, aliyapanga dukani mpaka darini: redio za kaseti mbili mbili, zenye taa zinazocheza ngoma zenyewe, nyepesi ajabu. Zikiharibika watu hawazileti kwa fundi, wananunua nyingine. Kazi ilipungua, lakini meza ilibaki, kwa sababu Harilal alikuwa na haya ya kumwondoa na Jaimin bado alihitaji mtu wa kumjaribia mali yake.

Kilichomweka mjini Mbaruku ni kaseti. Nyumba nyingi za Mchafukoge zilikuwa na mtu ng'ambo, na mtu wa ng'ambo siku hizo hakuandika barua, alizungumza. Alikaa na redio yake Maskati au Dubai au London, akabonyeza kitufe chekundu, akasalimia ukoo mzima kwa majina, akaimba akitaka, akalia akishindwa, kisha akampa msafiri. Kwa Bi Fakhriya hapakuwa na njia nyingine. Yeye alisoma herufi za Kiarabu za chuoni, binti yake Anfal alisoma za shuleni, na barua ya mmoja kwa mwingine ilikuwa lazima ipitie kwa mtu wa tatu. Kaseti haikuhitaji mtu wa tatu.

"Mwaka wa nne huu tangu aolewe kule Maskati," alisema Bi Fakhriya. "Sasa amejifungua. Nilimwomba aniimbie ule wimbo niliokuwa nikimbembelezea yeye, nione kama anaukumbuka. Isikilize."

Mbaruku akabonyeza. Kulikuwa na mchakacho wa utepe, kisha sauti ya mwanamke kijana, mbali kidogo na kinasa sauti, ikiimba polepole juu ya pumzi za mtoto:

"Lala na mie nilale, mkeka nimetandika,
mgeni wetu yu mbali, usingizi utamfika..."

Bi Fakhriya alikuwa akiifuatisha kwa midomo bila kutoa sauti. Wimbo ukaisha. Anfal akakohoa kidogo, akasema, "Mama, kuna neno..." na hapo neno lenyewe likaanza kuvutika, likanenepa, likazama. Redio ikatoa kwikwi mbili ikanyamaza.

"Siku kumi na moja," alisema Bi Fakhriya. "Siku kumi na moja naambiwa kuna neno, na neno silipati."

"Njoo alasiri. Utalipata."

Alitamani kuyarudisha maneno hayo mara tu alipoyasema, kwa sababu fundi mzuri haahidi kabla ya kufungua. Lakini yule mama alikuwa amekwisha kuinuka, na uso wake ulikuwa umekunjuka.

Alianza na redio, ingawa alijua mgonjwa si redio. Aliloweka pamba kwenye spiriti akasafisha kichwa cha kusomea, akapangusa kigurudumu cha mpira, akapima mkanda wa mota kwa kidole, akatia kaseti nyingine. Ikaimba tangu mwanzo mpaka mwisho bila kigugumizi. Basi ni kaseti. Aliingiza kalamu ya Biki kwenye tundu lake, akazungusha: laini, laini, kisha nzito, kisha ikagoma. Aliiinua kwenye mwanga. Ganda la plastiki lilikuwa limepinda upande mmoja, pengine lilikaa juani kwenye dirisha la gari huko Maskati, na roda ya ndani, gurudumu linaloviringisha utepe, ilikuwa inabanwa kila ikifika unene fulani. Utepe wenyewe ulikuwa mzima. Ilibidi uhamishwe, uvalishwe ganda jingine.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa na mtego wake. Ganda la Anfal lilikuwa la kugandishwa, halina skrubu, la kuvunjwa tu. La kuhamia ilibidi liwe na skrubu, na barazani pale lilikuwapo moja tu: la kaseti yake mwenyewe ya majaribio, ile aliyoipiga msalaba kwa wino mwekundu, ambayo kwa miaka mingi alirekodia kila redio iliyopita mezani pake ili kuona kama inarekodi. Utepe wake ulikuwa umechakaa kwa kufutwa na kuandikwa. Mbaruku aliutoa, akautupa kwenye kopo, na ndani ya ganda lile akalaza utepe wa Anfal, roda mbili, karatasi laini juu, karatasi laini chini, skrubu tano. Alipanga kuukwangua ule msalaba mwekundu akimaliza kujaribu.

Sasa hapa inafaa mtu amjue Mbaruku vizuri. Mtaa mzima ulijua kwamba anasikiliza kaseti za watu. Kila fundi hujaribu kazi yake, lakini wengine hujaribu kwa nusu dakika. Mbaruku alijaribu upande wa kwanza wote, akageuza. Alijua nani kaposwa London kabla ya bibi harusi, alijua ugomvi wa ndugu, alijua nani anawadanganya wazazi kwamba ana kazi. Hakusema kwa mtu, hilo tumpe. Lakini alisikiliza.

Alisikiliza kwa sababu ya Bakili. Mwanawe wa pekee alikuwa amezamia meli kwa siri miaka mitano iliyopita, akiwa na umri wa miaka ishirini na suruali mbili. Mmoja alisema alimwona Ugiriki, mwingine Durban, mwingine akaapa kwamba ni Karachi. Mama yake alikufa akimsubiri. Haikuja barua, haikuja kaseti. Jioni nyingine, kaseti ya mtu ikisema, "Shikamoo baba," Mbaruku aliyeinamia bisibisi yake barazani kwa Harilal alijikuta akijibu, "Marahaba," kwa sauti ndogo, kisha akatazama kushoto na kulia kama kuna aliyesikia. Alimtamani mtoto wake mpaka akawa anaokota makombo ya watoto wa wenzake.

Kwa hiyo kaseti ya Anfal ilipoingia redioni na kupita pale pa kukata bila kusita, masikio ya Mbaruku yalikuwa yamekwisha kujipanga. Sauti ilitoka safi.

"Mama, kuna neno, na nataka ulisikie wewe peke yako."

Mbaruku akabonyeza kitufe cha kuzima.

Hakujua mwenyewe kwa nini. Labda ni zile siku kumi na moja. Labda ni vile Bi Fakhriya alivyofuatisha wimbo kwa midomo. Aliona tu kwamba mama huyu amekaa mlangoni muda mrefu mno, na si haki mtu mwingine atangulie kuingia. Akaiacha kaseti pale pale ilipofikia ili alasiri mwenyewe abonyeze mara moja tu na neno limtoke mwanawe hadi kwake. Akaitoa, akaiweka mezani, akajisikia vizuri kama mtu aliyefunga sunna.

Kabla hajagusa ule msalaba mwekundu, Jaimin akatokea mlangoni.

"Fundi, njoo chap chap. Kuna mteja wa Songea, anataka redio sita kwa mpigo. Anasema lazima aone zinarekodi."

Mteja aliitwa Bwana Leodegar, mtu mkubwa, mchangamfu, mwenye koti la kaunda. Jaimin alikuwa ameitoa redio mpya boksini, taa zake zinakimbizana. Mbaruku aliingia dukani akiwa na alichoingia nacho miaka yote: bisibisi sikioni na kaseti yenye msalaba mwekundu mkononi. Mkono ulikuwa umeichukua wenyewe. Mkono uliozoea hauulizi.

Aliitia kaseti, akabonyeza kitufe chekundu. Ganda la Anfal lilikuwa limevunjwa vile vijino viwili vya mgongoni vinavyozuia redio kurekodi juu ya sauti ya mtu. Ganda la majaribio lilikuwa na vijino vyake vyote. Redio haikukataa.

"Moja, mbili, tatu," alisema Mbaruku. "Hapa Mchafukoge, Dar es Salaam. Moja, mbili, tatu."

"Niachie na mimi," alisema Bwana Leodegar. Akasogea, akasalimia watu wa kwao mmoja mmoja, akawaambia anawaletea kitu ambacho hawajakiona, kisha akaimba beti mbili za wimbo wa jando la kwao, akacheka sana. Jaimin alicheka naye, kwa sababu biashara ni biashara. Mbaruku akarudisha nyuma, akapiga. Sauti zao zikatoka safi mno, moja mbili tatu na salamu na wimbo na kicheko.

"Nachukua zote sita," alisema Bwana Leodegar.

Kicheko chake kwenye kaseti kikaisha, na redio ikaendelea kuzunguka. Kisha mle mle, kwa utulivu, ikasema sauti ya mwanamke kijana:

"...basi ndiyo hivyo, mama. Usimwambie mtu mpaka nikuletee habari nyingine."

Ikafuata kelele ya kitufe, na baada yake utepe mtupu.

"Nani huyo?" aliuliza Bwana Leodegar.

Mbaruku alirudisha nyuma, akasikia "wewe peke yako", akasikia sauti yake mwenyewe ikihesabu, akasikia wimbo wa jando, akasikia "basi ndiyo hivyo". Akarudia tena, kana kwamba mara hii jambo litakuwa jingine. Dakika mbili. Alikuwa amemfuta mtoto wa watu dakika mbili, na ndizo zenye neno.

Mteja alipoondoka, Jaimin alimfuata barazani. Aliposikia kisa chote alishika kiuno.

"Sasa fundi, mwambie tepu ililiwa na redio. Mbona kawaida. Kata hapo, unga, basi. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si mama yake."

Jaimin hakuwa mtu mbaya, na alisema alichokiona. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, lakini siku ile Mbaruku aliiona ndefu na pana na yenye kivuli pande zote. Alifungua zile skrubu tano, akauvuta utepe, akaitafuta sehemu, akaushika kati ya vidole viwili na wembe mkononi. Aliuinua kwenye mwanga. Ulikuwa wa kahawia mtupu, uso mmoja. Huwezi kuona wapi anaishia Anfal na wapi anaanza Mbaruku. Angekata hapa, angekata pale, angeunga kwa kipande cha selotepu, na Anfal angesema, "nataka ulisikie wewe peke yako, basi ndiyo hivyo, mama." Na Bi Fakhriya angemshukuru.

Ndipo akamfikiria mtu asiyemjua, fundi mwenziwe huko Durban au Karachi, ameshika mkononi utepe wenye sauti ya Bakili na wembe kama huu. Alimchukia mtu huyo kwa chuki kubwa mpaka akaogopa. Aliuweka wembe chini. Akaurudisha utepe ndani ya ganda kama ulivyokuwa, na kicheko cha Bwana Leodegar mle ndani, akafunga.

Bi Fakhriya alikuja mara tu baada ya sala. Alikuwa amebadilisha mtandio, amejitia udi kidogo. Alikuwa amejiandaa kama anayekwenda kupokea mgeni, na jambo hilo lilimuumiza Mbaruku kuliko yote.

"Imepona?" aliuliza.

"Kaseti imepona. Mimi ndiye niliyeharibu."

Alimweleza. Hakupunguza kitu, alieleza ganda, msalaba mwekundu, mkono wake, kitufe, mteja wa Songea. Alieleza akitazama meza. Alipomaliza, Bi Fakhriya alikuwa bado amesimama. Dukani redio moja ilikuwa inapiga muziki kwa sauti ya juu kuita wateja.

"Jaimin, mwanangu," alisema bila kugeuka, "izime hiyo."

Muziki ukazimwa. Bi Fakhriya aliketi kwenye kigoda. Alikuwa ameikunja ncha ya mtandio kidoleni na anaikunjua na kuikunja tena.

"Fundi, watu wanasema unasikiliza kaseti zao."

"Wanasema kweli."

"Unasikiliza mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho."

"Basi niambie alilosema. Sitakasirika. Wallahi sitakasirika, hata kama ni siri kubwa namna gani. Niambie tu alilosema mwanangu."

Mbaruku hakuwahi kutarajia kwamba ubaya wake utakuja kuombwa kama dawa.

"Hii sikuisikiliza, Bi Fakhriya. Nilizima."

"Kwa nini?"

"Alisema usikie wewe peke yako."

Kitu kikamtoka yule mama ambacho hakikuwa kicheko wala kilio.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Siku moja tu ukashikwa na adabu, na Mungu akaichagua hii."

Mbaruku angependa kutukanwa. Tusi lina mwisho, na ukishatukanwa mnakuwa mmelipana. Lakini Bi Fakhriya hakutukana. Alinyoosha mkono akasema, "Nisikilizishe," na Mbaruku akapiga. Alisikiliza wimbo wa mtoto. Alisikiliza "wewe peke yako". Alisikiliza kuhesabu, salamu za watu wa Songea, beti mbili za jando, kicheko, bila uso wake kubadilika. Ilipofika "basi ndiyo hivyo, mama," akainua kidole.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Tena."

Mara ya nne alivuta kigoda mpaka magoti yake yakagusa meza. "Wewe una masikio ya kazi," alisema. "Mimi nikisikia, nasikia mwanangu tu. Niambie. Analia au anacheka? Ni neno la heri au la shari?"

"Sipendi kukudanganya."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Mbaruku aliinamisha sikio mpaka kwenye spika. Miaka ishirini na mmoja alisikiliza watu wasiomhusu, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa ameombwa. Alisikiliza kama anavyosikiliza mota: si wimbo, bali kinachokwaruza chini ya wimbo.

"Halii," alisema hatimaye. "Mtu aliyelia pua yake imeziba, akisema mama utasikia kama amebanwa. Huyu kasema mama mara mbili, safi."

"Alhamdulillahi."

"Lakini ameshusha sauti. Kwenye wimbo alikuwa mbali kidogo na redio, hapa amesogea karibu kabisa. Anazungumza ili chumba cha pili wasisikie."

"Wako wengi mle," alisema Bi Fakhriya. "Mawifi watatu na mama mkwe. Endelea."

"Kuna kijiko kinakoroga kitu. Anakoroga huku anasema. Mtu mwenye shari kubwa hakorogi chai." Alitega sikio tena. "Au anakoroga ili sauti yake ifunikwe. Hapo sijui. Nikisema najua, nitakuwa nakuongopea."

Bi Fakhriya alikubali kwa kichwa. Alionekana kama mtu aliyepewa nusu kikombe cha maji jangwani na anakiangalia.

"Labda anarudi," alisema. "Labda anataka kurudi na mtoto na hajui nitasemaje. Au ana mimba nyingine mapema na anaona haya. Au mumewe..." Hakumaliza. "Nitalala na hayo matatu kitanda kimoja."

"Twende Posta upige simu. Nitakusindikiza."

"Simu iko dukani kwa mkwe wake. Itapita masikio manne kabla ya kumfikia, naye atasema kila kitu ni salama. Hapana. Mpwa wangu Hashil anaondoka Ijumaa kwenda Maskati. Una kaseti mpya?"

Jaimin, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote bila kuthubutu kutoka wala kuingia, alileta moja ingali kwenye nailoni yake. Aliiweka mezani kwa mikono miwili. "Chukua, mama," alisema, akarudi ndani.

Mbaruku alitia kaseti, akabonyeza. Bi Fakhriya alisogea. Alianza kwa salamu kama inavyotakiwa, akauliza hali ya mama mkwe, hali ya mume, hali ya mtoto, akataja jina la kila mtu wa jengo lao anayemsalimia. Kisha akasema, bila kupandisha wala kushusha sauti:

"Anfal, wimbo umenifika wote, umeukumbuka vizuri, hata pale pa mgeni. Lile neno halikunifika. Lirudie. Likiwa zuri lirudie, likiwa baya lirudie, mimi ni mama yako. Nipo, nalisubiri. Sasa huyu fundi atakwambia mwenyewe kilichotokea."

Akamsukumia redio.

Mbaruku alikuwa ameongea ndani ya redio maelfu ya mara, na wala hapakuwa na mtu upande wa pili. "Bibi Anfal," alisema, "mimi ni fundi. Jina langu Mbaruku. Nilipewa sauti yako niitengeneze, nikarekodi juu yake kwa mazoea ya mkono. Mama yako hana kosa, redio haina kosa. Naomba unisamehe, na naomba usichoke kulisema tena. Ni hayo."

Alinyoosha mkono azime. Bi Fakhriya akaushika ule mkono kwa ncha ya mtandio wake, asiuguse kwa vidole.

"Umebakiza lako," alisema kwa kunong'ona.

"Langu lipi?"

"Nani Mchafukoge asiyejua lako? Maskati kuna bandari. Mume wa Anfal anauza vyakula melini, anapanda kila meli inayotia nanga. Sema."

Mbaruku alitikisa kichwa. Alikuwa amemharibia mama huyu neno lake la pekee, na sasa mama huyu anampa utepe wake. Alitaka kumwambia hastahili. Lakini roda zilikuwa zinazunguka, na kila alivyonyamaza, unyamavu wake ulikuwa unakwenda Maskati. Akasogea.

"Kama kuna meli," alisema, "na kama ndani yake kuna kijana wa Kitanzania, mrefu, mweusi, ana kovu la pasi mkono wa kushoto, anaitwa Bakili. Sasa atakuwa na miaka ishirini na mitano. Mwambieni..."

Akakwama. Miaka mitano alikuwa ameyapanga maneno haya, usiku na mchana, mapya kila wiki, ya hasira na ya huruma, na sasa hakuliona hata moja. Bi Fakhriya hakumhimiza. Alikuwa ameikutanisha mikono mapajani na kuutazama utepe unavyotoka roda moja na kuingia nyingine.

"Bakili," alisema Mbaruku, "mimi baba yako."

Muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake. Mahali fulani kuelekea Kariakoo mtu aliita bei ya vitenge, na mwingine akamjibu kwa bei ya chini zaidi. Taa nyekundu ya redio ilikuwa inawaka, na wao wawili wameketi mbele yake, na hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.